Saa Mbili Amepewa, Lakini Mtoto Yu Wapi?

Wazee wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kila mtu aujua msemo huu, na kila mtu aukubali. Hata hivyo, katika miji yetu wamo akina mama wengi ambao kila siku ya kazi hujaribu kulitenda lile ambalo wazee walisema haliwezekani. Hulea kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili umo kazini.

Twasema hapa juu ya mama mfanyakazi mwenye mtoto mdogo. Si yule mchanga tu aliye mgongoni, bali hasa yule aliyekwisha kusimama dede, atembeaye na kuanguka, aokotaye kila kitu na kukitia kinywani, anayejifunza maneno yake ya kwanza. Mtoto wa umri huu haachwi peke yake hata kwa muda wa kuchemsha chai. Basi mama yake anapokuwa kiwandani, ofisini, hospitalini au sokoni kutwa nzima, mtoto yu wapi, na yuko na nani? Wako wanaodhani kwamba hilo ni jambo la ndani ya nyumba ya mtu. Sisi twasema kwamba ni jambo la wafanyakazi wote, wake kwa waume.

SHERIA YASEMAJE

Tuanze na haki zilizopo, maana wapo wafanyakazi wasiozijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, yampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mimba si sababu ya halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe likizo. Mama anyonyeshaye aruhusiwe kumnyonyesha mwanawe ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Baba naye ana siku 3 zenye malipo, ambazo hana budi kuzichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa.

Haki hizi si ndogo, nasi hatuzibezi. Lakini mwenye haki yampasa kuipima. Siku 84 ni majuma 12. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikie miaka 2 au zaidi. Miezi 6 ni majuma 26. Kwa hiyo hata mama aliyeanza likizo siku ile ile ya kujifungua hurudi kazini majuma 14 kabla muda huo haujatimia. Na yule aliyeanza likizo mapema, kama sheria imruhusuvyo, hurudi na mtoto mchanga zaidi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 uliweka majuma 14 kuwa kiwango cha chini. Sisi tungali kwenye majuma 12, kiwango kilichowekwa na mkataba wa mwaka 1952.

SAA BILA MAHALI

Hata hivyo, upungufu mkubwa hauko katika hesabu ya siku. Zitazameni zile saa 2 za kunyonyesha. Tuchukue mfano wa mama afanyaye kazi katika kiwanda kilicho kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, naye amepanga chumba Chanika. Akitoka katikati ya siku kwenda kumnyonyesha mwanawe, apande daladala kwenda, apande tena kurudi, saa zake 2 zitakwisha barabarani kabla mtoto hajashika titi. Aghalabu mama kama huyu hupatana na msimamizi wake kwamba badala yake atoke mapema jioni. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini mtoto aliyeona njaa saa nne asubuhi hangojei saa tisa alasiri, wala maziwa hayakubali kungoja bila kumtesa mwenye nayo.

Hapo ndipo tunapoona kwamba sheria imempa mama saa, lakini haikumpa mahali. Saa bila mahali ni kama ndoo bila kisima. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017, wamemtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Na sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 ilimpa baba majuma 2, ambapo wetu hupewa siku 3. Si aibu kujifunza kwa jirani.

HESABU YA SIKU MOJA

Sasa tumtazame yule mama wa Chanika mtoto wake akiwa na mwaka mmoja na nusu. Sheria imeweka kikomo cha saa 9 za kazi za kawaida kwa siku na 45 kwa juma. Tutie na muda wa chakula, na safari ya kwenda na kurudi, tuseme kwamba huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Hizo ni saa 13. Alfajiri hutoka akinyata, maana mtoto akiamka atashika kanga yake na kulia, na kilio hicho humfuata mama mpaka kituoni. Jioni mtoto hulala saa mbili. Kati ya kurudi kwake na usingizi wa mtoto ni saa moja na nusu. Na humo ndimo mama apikamo, achotamo maji, afuamo nguo za mtoto. Kwa siku 5 za kazi ni saa 7 na nusu tu alizokaa na mwanawe akiwa macho. Msichana aliyeachiwa mtoto amekaa naye saa 65. Tukimsikia mtoto akimwita msichana huyo mama, tusimcheke mtoto wala tusimlaumu mama. Mtoto amehesabu sawasawa.

Tena mtoto mdogo haishi kwa ratiba ya kiwanda. Kliniki humtaka apate chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, apewe matone ya vitamini A kila miezi 6, apewe dawa za minyoo. Kliniki hufunguliwa asubuhi, saa zile zile mama anapotakiwa kuwa kwenye mashine. Na mtoto akishikwa na homa? Sheria yampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au msiba wa mtoto, na humo humo imetiwa misiba ya mume au mke, wazazi, babu na bibi, wajukuu na ndugu. Siku hizo 4 ni za mzunguko wa likizo wa miezi 36. Mzazi gani aliyepata kulea mtoto hadi miaka mitatu akauguza siku 4 tu?

KAZI IMEHAMA, MTOTO HAKUHAMA

Wako ndugu wasemao kwamba mama zetu walilea watoto wengi huku wakilima, wala hawakudai kitu. Maneno hayo yafaa yajibiwe. Ni kweli kwamba walifanya kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilitaja kwamba wanawake wa vijijini hufikia saa 12 au 14 kwa siku. Lakini mama aliyekwenda shamba alimchukua mtoto mgongoni, akamlaza chini ya mwembe, akamnyonyesha alipolia. Na pale nyumbani palikuwa na bibi, shangazi, na binamu wakubwa. Leo kazi imehama kutoka nyumbani, na mtoto hakuhama nayo. Bibi yuko kijijini, shangazi naye ni mfanyakazi, na jirani wa chumba cha pili hatumjui jina. Ule mkono wa pili ambao wazee waliutegemea umeondoka, nasi hatujaweka mwingine mahali pake.

Au tuseme kwamba tumeuweka, lakini hatutaki kuutazama. Mkono huo ni wa yule msichana wa kazi. Yeye ndiye anayemwezesha mama kuwa mfanyakazi, na kwa hiyo ndiye anayekiwezesha kiwanda kwenda. Mara nyingi ni msichana mdogo aliyeletwa kutoka kijijini, na mara nyingine naye amemwacha mwanawe kwa bibi ili aje kumlea wa mwenzake. Sheria yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi ila kazi nyepesi zisizomdhuru wala kumzuilia masomo. Kumlea mtoto wa mwenzako kutwa, na kupika, na kufua, si kazi nyepesi. Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kamili. Ana haki ya mkataba, mapumziko na mshahara kamili kwa wakati wake, na chama cha CHODAWU kipo kwa ajili yake. Haitufai kudai haki zetu kwa mwajiri mchana, kisha jioni tuwe sisi waajiri wabaya majumbani mwetu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

WASIO NA MWAJIRI

Wala tusiwasahau walio wengi zaidi, ambao hawana mwajiri wa kumdai lolote. Mama lishe wa Buguruni, muuza mboga wa Tandale, mshona nguo wa Kariakoo: hao hawana hata hizo siku 84. Siku asipofungua hakuna unga nyumbani. Basi humleta mtoto pale pale, na mtoto aliyeanza kutembea hushinda kati ya majiko ya mkaa, mafuta ya moto na pikipiki zipitazo. Mama huyu hulipa ushuru wa soko. Si dhambi akiuliza kwa nini soko lina ofisi ya ushuru lakini halina chumba kimoja cha watoto.

NINI KIFANYIKE

Njia haziko mbali. Nchi yetu haikuanza leo kulijua jambo hili. Katika miaka ya 1960 na 1970 vituo vya kulelea watoto mchana vilikuwa sehemu ya kazi za Umoja wa Wanawake, na vijiji vya ujamaa vilikuwa navyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kusajili vituo hivyo. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, ilitaja mahitaji yake kuwa afya, lishe, malezi, ujifunzaji na usalama. Lakini darasa la awali humpokea mtoto akiwa na miaka 5 hivi, na likizo ya mama huisha kwa siku 84. Kati ya siku hizo na miaka hiyo pana bonde pana, na kila mama ameachwa alivuke kwa njia aijuayo mwenyewe.

Kwanza, kila tawi la chama cha wafanyakazi liweke neno hili katika mkataba wa hali bora. Wanachama wamezoea kudai nyongeza ya mshahara, usafiri na mazishi. Wadai pia chumba cha kunyonyeshea na kituo cha watoto. Viwanda vilivyo jirani vyaweza kushirikiana, kila kimoja kikatoa sehemu yake. Kituo si jumba la fahari. Ni chumba chenye hewa, ua uliozungushiwa, maji safi, choo, jamvi, uji wa moto, na walezi waliofundishwa na kulipwa. Mwajiri atakayesema kwamba ni gharama na ahesabu siku ambazo wafanyakazi wake hukosa kwa sababu mlezi ametoroka au mtoto anaugua. Gharama anailipa tayari, ila hapati kituo.

Pili, halmashauri zinapojenga au kukarabati soko, ramani isipitishwe bila chumba cha watoto. Mapato ya soko hutoka kwa akina mama hao hao.

Tatu, na hili halihitaji mkataba wala ramani, akina baba tuitazame saa ile moja na nusu ya jioni. Baba aliyerudi kazini akaketi barazani kungoja chakula, ilhali mkewe aliyerudi saa ile ile yuko jikoni na mtoto kiunoni, amemnyang'anya mwanawe mama. Kuchota maji hakumpunguzii mtu heshima. Kumpeleka mtoto kliniki hakumpunguzii mtu uume. Baba akimwosha mtoto na kumlisha, si mama peke yake apumzikaye. Mtoto naye amepata wazazi wawili badala ya mmoja aliyechoka.

Ndugu wafanyakazi, mtoto huyu wa mwaka mmoja na nusu hawezi kuja mkutanoni, hana kadi ya chama, wala hajui kuandika barua ya madai. Lazima awe na wa kumsemea. Katika mkutano ujao wa tawi, kabla ajenda haijafungwa, asimame mtu mmoja, na ingefaa awe mwanamume, aulize: wenzetu wana saa 2 kwa sheria, je, hapa kwetu mahali pao ni wapi?