Punda mgonjwa si hasara, mtunze akulipe

WAHENGA walisema shukrani ya punda ni mateke. Hata hivyo, mwenye mkokoteni anayemuokoa punda aliyetelekezwa hulipwa kwa fedha.

Wengi hutupwa kwa sababu ya vidonda vya mgongoni, kwato zilizorefuka au minyoo. Mara nyingi matatizo hayo hutibika. Mpumzishe, safisha kidonda kwa maji safi yenye chumvi, na umwite daktari wa mifugo kwa dawa na kukata kwato. Kisha tafuta tandiko laini lisilosugua, la sivyo kidonda kitarudi.

Tuseme punda huingiza shilingi 400 kwa siku. Mapumziko ya siku 30 ni shilingi 12,000. Tiba na lishe zikiwa shilingi 4,000, jumla ya 16,000 hurudi kwa siku 40 za kazi.

Kupata mwingine si rahisi. Punda jike hubeba mimba takriban miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi kwa soko la China nayo ilichochea wizi wa punda nchini Kenya, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Lamu, ambako punda ndiye gari la vichochoroni, kituo cha kuwatibu kilianzishwa mwaka 1987.

Kidonda kikitibiwa mapema hugharimu mapato ya siku chache. Kikiachwa, hugharimu punda mzima.