Gitaa la Besi la Safari: Uzi Ufupishwe kwa Kiasi Gani?

Mtu anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza akiwa na gitaa la besi huijua vema taabu yake. Chombo hicho kina urefu wa kiasi cha sentimita 118. Hakiingii katika rafu iliyo juu ya vichwa vya abiria, na kikiwekwa katika buti chini ya magunia, shingo yake yaweza kuvunjika. Kwa sababu hiyo wapiga besi wengi, na hasa vijana wa bendi za shule, hutamani besi ndogo. Lakini fedha za kununulia chombo hazipatikani kila mwaka. Anayenunua bila kuelewa kwa nini besi ilifanywa ndefu tangu awali huenda akarudi nyumbani na kitu chepesi kubeba, lakini kisichoweza kutoa sauti aliyoitaka. Katika makala haya tutaeleza sababu hizo kwa kutumia fizikia ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari.

Kanuni ya uzi unaotetema

Mwaka 1636 mtaalamu wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wa sehemu inayotetema, mkazo wa uzi, na uzito wa uzi kwa kila kipimo cha urefu wake. Uzi ukifupishwa kwa nusu, marudio yake kwa sekunde huongezeka mara mbili. Ukikazwa zaidi, marudio hupanda, lakini polepole: ili kuyaongeza mara mbili hatuna budi kuongeza mkazo mara nne. Na uzi ukiwa mzito zaidi, marudio hushuka. Kwa lugha ya hesabu, tukizidisha urefu kwa marudio, kisha kwa 2, tukapata kipeo cha pili cha jawabu hilo na kukizidisha kwa masi ya mita moja ya uzi, tunapata mkazo unaotakiwa.

Uzi mnene kuliko wote katika besi ya nyuzi nne hutetema kiasi cha mara 41.2 kwa sekunde, yaani Hezi 41.2. Hiyo ni nusu ya marudio ya uzi mnene wa gitaa la kawaida. Leo Fender wa Marekani alipoanza kuuza besi yake ya umeme mwaka 1951, aliupa uzi urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86.4. Urefu huo ndio uliokubalika kuwa wa kawaida hadi leo. Tuchukue uzi wa chuma wenye masi ya gramu 33 kwa mita. Kwa urefu huo, mkazo unaohitajika ni nyutoni 167 hivi. Nyuzi zote nne kwa pamoja huivuta shingo kwa kani inayokaribia uzito wa mtu mzima mmoja!

Ukiufupisha uzi

Sasa tuufunge uzi ule ule katika besi fupi ya inchi 30, yaani sentimita 76.2. Besi za namna hii si ngeni. Kampuni ya Höfner ya Ujerumani ilianza kutengeneza besi yake yenye umbo la fidla katika miaka ya 1950, na Paul McCartney wa kundi la Beatles aliipiga kwa miaka mingi. Hesabu inaonyesha kwamba mkazo hushuka hadi nyutoni 130, yaani hupungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Uzi huwa laini chini ya kidole, na sauti yake huwa ya mviringo zaidi. Wako wanaoipenda hali hiyo. Asiyeipenda aweza kufunga nyuzi nene kidogo, na mkazo utarudi.

Faida nyingine iko shingoni. Nafasi kati ya ncha ya juu ya uzi na kipande cha kwanza cha chuma hupatikana kwa kugawanya urefu wa uzi kwa 17.817. Kwa besi ndefu jawabu ni milimita 48.5, kwa fupi ni milimita 42.8. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini mwanafunzi mwenye mkono mdogo huiona mara moja.

Je, tukiendelea kufupisha hadi sentimita 46? Mkazo wa uzi wetu utaanguka hadi nyutoni 47, na uzi utalegea kiasi cha kugongagonga shingo. Tukitaka kuurudisha mkazo wa nyutoni 167, tutahitaji uzi wenye gramu 116 kwa mita, yaani mzito mara tatu na nusu. Uzi wa chuma wa unene huo huanza kufanya kazi kama fimbo, wala si kama uzi. Ugumu wake huharibu mpangilio wa sauti ndogo zinazofuatana na sauti kuu: haziwi tena 2, 3 na 4 kamili ya sauti kuu, na sikio husikia mlio uliopotoka.

Ufumbuzi ulikuwa kuacha chuma. Katikati ya miaka ya 1980 ilitokea besi iliyoitwa Ashbory, yenye uzi wa inchi 18, yaani sentimita 46 hivi. Nyuzi zake zilikuwa za mpira wa silikoni. Mpira hupindika kwa urahisi, kwa hiyo hata ukiwa mnene na mkazo wake ukiwa mdogo, hutetema kama uzi halisi. Sauti yake hukumbusha ile ya besi kubwa ya kusimama inayopigwa katika vikundi vya taarabu vya Unguja. Lakini mpira hauna sumaku. Kinasa cha besi ya kawaida hutumia kanuni ya Faraday ya mwaka 1831: chuma kikitetema karibu na sumaku yenye koili, umeme huzalika katika koili. Kwa mpira kinasa hicho ni bubu. Hutumika badala yake kinasa chenye fuwele inayotoa umeme inapobanwa, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880.

Kufupisha chombo bila kufupisha uzi

Iko njia nyingine. Sehemu kubwa ya urefu wa besi haitetemi kabisa: ni kichwa chenye vigingi vya kukazia nyuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ned Steinberger wa Marekani alipata sifa kwa besi isiyo na kichwa, iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni na gundi ngumu. Vigingi vilihamishiwa upande wa chini. Uzi ulibaki na sentimita 86.4, lakini chombo kizima kilipungua hadi karibu mita moja. Zaidi ya hayo, kaboni haibadiliki sana kwa unyevu. Ubao hunywa unyevu wa Pwani na kuvimba. Ukifika Dodoma wakati wa kiangazi hukauka na kusinyaa, na ncha za vyuma vya shingoni hujitokeza na kukwaruza mkono.

Kuchagua

Anayetaka kupiga nyumbani na jukwaani kwa chombo kimoja, huku akisafiri kwa basi, atafaidika na besi ya inchi 30 au isiyo na kichwa. Anayesafiri kwa ndege na kutaka kuiweka besi karibu naye atafikiria ile ya nyuzi za mpira, akikubali kujifunza upya mguso wa vidole. Kabla ya kulipa, na apige uzi mnene ukiwa wazi na kusikiliza kama unagongagonga. Kisha aubonyeze katika kipande cha 12, na baadaye auguse tu hapo hapo bila kuubonyeza. Sauti hizo mbili zapaswa kuwa sawa. Zisipolingana, na kiegemeo cha nyuzi hakirekebishiki, aiache besi hiyo.

Jaribio kwa darasa

Funga waya mwembamba katika ncha ya meza, uupitishe juu ya vijiti viwili, na uning'inize ndoo yenye lita 2 za maji katika ncha ya pili. Sikiliza sauti. Ongeza maji hadi lita 8, kisha usogeze vijiti mpaka sauti ya kwanza irudi. Utaona kwamba nafasi kati ya vijiti imekuwa karibu mara mbili. Uzito wa ndoo yenyewe utasababisha kosa dogo; wanafunzi na waeleze kwa nini. Aliyefanya jaribio hili kwa mikono yake ataingia katika duka la vyombo vya muziki akijua swali la kumwuliza muuzaji.