Selimundu haikuletwa na mama peke yake

ALIKUJA mama mmoja zahanati akiwa amempakata mtoto wa miaka miwili, macho ya mtoto yamekuwa manjano na viganja vimevimba. Nyuma yake alikuwapo mama mkwe, na kabla sijauliza lolote akanieleza: “Daktari, sisi kwetu maradhi haya hatuna. Yamekuja na huyu.” Mimi ni afisa tabibu, si daktari, lakini jina hilo tumeshalizoea. Damu ilipelekwa hospitali, majibu yakarudi kuwa mtoto ana selimundu. Baba wa mtoto hakuwapo. Nikasikia kuwa mazungumzo ya talaka yameshaanza.

Ndugu msomaji, maneno ya mama mkwe yule huenda umewahi kuyasikia hata nyumbani kwako. Ukweli ni kwamba mtoto hawi mgonjwa wa SS mpaka apokee kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Aliyepokea kimoja tu huitwa mbebaji, na kwenye cheti huandikwa AS. Huyu huishi maisha yake bila hata kujijua. Asiyenacho kabisa ni AA. Wakioana AS wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto wa SS. Nasema kila mimba, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa wa kwanza akishaumwa, zamu imekwisha.

Kosa lenyewe ni dogo sana. Sisi tuliopita chuoni tunajua fat-ha ikisomwa kasra maana inavyogeuka. Katika maelekezo ya kutengeneza himoglobini, yaani kile kinachobeba hewa ndani ya damu, herufi moja tu imebadilika, na chembe nyekundu zikajikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa kabla ya wakati wake.

Sasa lipo swali ambalo mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliniuliza, nikalipenda. Kwa karne nyingi watoto wengi wa SS walifariki kabla ya kupata watoto wao. Kwa nini basi kinasaba hiki hakikutoweka?

Jibu lilianza kuonekana Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali, akaona kuwa wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini ni wachache milimani kwenye baridi. Akatambua kuwa ramani ile ni ile ile ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba mbebaji wa AS hukingwa dhidi ya malaria kali. Tafiti za baadaye huko Kilifi zilionesha kuwa kinga hiyo inakaribia asilimia 90 kwa malaria ile inayoua.

Chukua daftari tufanye hesabu ya mfano. Wamezaliwa watoto 1,000 mahali ambapo kinasaba kimoja katika kila kumi ni cha selimundu. Kwa kanuni waliyoigundua Hardy na Weinberg mwaka 1908, kila mmoja kivyake, watoto 810 watakuwa AA, 180 watakuwa AS, na 10 watakuwa SS. Tuseme hao 10 wote wanafariki, na malaria inachukua 90 katika wale AA. Kila mtoto ana vinasaba viwili. Kwa hiyo vya selimundu vilikuwa 200, vimebaki 180. Vya kawaida vilikuwa 1,800, vimebaki 1,620. Gawanya: bado ni kimoja katika kumi, pale pale tulipoanzia. Kaburi la mtoto wa selimundu na kaburi la mtoto wa malaria ndiyo yaliyokuwa yakishikilia mizani hiyo.

Neno “mageuzi” huwatisha baadhi yetu. Katika somo hili maana yake ni uwiano wa vinasaba kubadilika ndani ya jamii, kizazi hata kizazi, na umekwishaufanyia hesabu mwenyewe. Iondoe malaria, uwiano hushuka: kimoja katika kumi huwa kimoja katika kumi na moja kizazi kinachofuata, kisha kumi na mbili. Ni mwendo wa kobe. Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani waliiacha malaria ya Afrika na wakachanganyika na watu wengine, lakini hata leo takriban mmoja katika kila kumi na watatu wa kizazi chao ni mbebaji. Kinasaba husafiri na watu: Oman wanayo selimundu ya asili ya Afrika na ile ya Arabuni na India, bandari moja, damu za pande zote.

Hapa Tanzania wabebaji wanakadiriwa kuwa asilimia 13 hadi 20, na watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Ndiyo maana kukimbilia kuoa mbali pekee hakutoshi. Huyo wa mbali naye anaweza kuwa AS. Ni kweli kuwa kwa mtoto wa ami au wa mjomba uwezekano unapanda, kwa sababu babu na bibi ni wale wale. Sheria imeruhusu ndoa hiyo, nami siizuii; ninachoomba ni kipimo kabla ya posa kutangazwa. Saudi Arabia walikifanya cha lazima mwaka 2004, na uamuzi wa kuoana wakawaachia wachumba. Ulizia kipimo cha aina ya himoglobini, maana kile cha kutazama chembe kujikunja tu hakitenganishi AS na SS.

Na tahadhari: kinga ya malaria ni ya mbebaji, naye pia alale ndani ya chandarua. Mtoto wa SS malaria humuua upesi. Anywe maji mengi, apate foliki asidi, penisilini mpaka afike miaka mitano, na haidroksiyurea akiandikiwa. Akipata homa, usisubiri asubuhi.

Yule baba alikuja baada ya kutumiwa ujumbe mara tatu. Majibu yake yakatoka AS, sawa na ya mkewe. Mama mkwe akakitazama cheti kwa muda, akauliza mwanawe alikitoa wapi. Nikamjibu kwa upole kuwa ni kwake yeye, au kwa marehemu mumewe. Akanyamaza. Kisha akakunja mkono wa baibui, akasema na yeye atolewe damu.