Madini ya risasi: Sumu inayomdumaza mtoto kimyakimya

JE, mtoto wako amepoteza hamu ya chakula, hukasirika ovyo na mwalimu analalamika kwamba hasikilizi darasani? Kabla hujamwita mvivu, hebu tazama mahali anapochezea. Sababu ni nyingi, lakini huenda mojawapo ni madini ya risasi yaliyo katika vumbi la hapo.

Haya ni madini mazito ya rangi ya kijivu yanayotumiwa kutengeneza betri za magari. Hupatikana pia katika baadhi ya rangi za kupaka nyumba, hasa zile za zamani, na katika udongo wa kando ya barabara kuu, kwa kuwa petroli iliyotiwa risasi iliuzwa nchini hadi mwishoni mwa 2005. Risasi haiozi. Iliyotua ardhini miaka hiyo ingalipo.

Huingiaje mwilini?

Fundi anayeyeyusha betri kuukuu huivuta pamoja na moshi. Mtoto naye huimeza: hutambaa, hushika vumbi, kisha hutia vidole mdomoni. Utumbo wa mtoto mdogo waweza kufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya ule wa mtu mzima. Mama mja mzito aliye na sumu hii humpitishia mtoto aliye tumboni.

Hufanya nini ndani ya seli?

Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Seli huhitaji madini ya kalsiamu, chuma na zinki ili zifanye kazi. Risasi hufanana na madini haya kiasi kwamba seli hudanganyika na kuipokea. Ikishaingia hukalia nafasi ya kalsiamu, lakini kazi yake haiiwezi.

Katika ubongo, seli hupashana habari kwa msaada wa kalsiamu. Risasi huvuruga mawasiliano hayo wakati ubongo wa mtoto ungali unakua, naye akapungukiwa na uwezo wa kujifunza na kutulia.

Katika uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, risasi huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kuunda himoglobini inayobeba oksijeni. Mtoto hupungukiwa na damu, akachoka upesi. Mifupa nayo huweza kukosa kurefuka ipasavyo, na risasi hujificha humo kwa miaka mingi.

Mara nyingi hakuna dalili hadi sumu iwe nyingi. Ndipo huja maumivu ya tumbo, kufunga choo, kutapika, hata kifafa na kifo. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Haya si mambo ya mbali. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020, mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni.

Ufanye nini?

• Mnawishe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kucheza.

• Panguza sakafu na madirisha kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kukavu hurusha vumbi.

• Usikwaruze rangi ya zamani watoto wakiwapo, wala usipikie mbao zilizopakwa rangi.

• Ukifanya kazi ya betri, oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Usiyeyushe betri nyumbani.

• Mpe maziwa, omena, maharagwe, mboga za kijani na matunda. Mwili uliopungukiwa na kalsiamu na chuma hufyonza risasi zaidi.

Ukishuku chochote, mwone daktari na umwombe damu ya mtoto ipimwe risasi. Dawa za kuipunguza mwilini zipo kwa aliyezidiwa, lakini haziwezi kurudisha ubongo ulioharibika. Kwa hivyo mzazi, anza na vumbi la mlangoni pako leo.