Mapacha na Umri wa Mama (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza mapacha wanaofanana, wanaotokana na yai moja lililogawanyika. Hao hupatikana karibu sawasawa duniani kote, mimba tatu au nne katika kila 1,000, awe mama ni kijana au mtu mzima. Leo ni zamu ya wasiofanana, watoto wa mayai mawili. Kwao umri wa mama ni jambo zito.

Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, nayo hupungua mwaka hadi mwaka. Akikaribia miaka 40, ovari zake huwa nzito kuitikia. Basi tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huzidisha homoni ya kupevusha mayai ili kuzihimiza. Mara nyingine homoni hiyo hupita kiasi, mayai mawili yakapevuka katika mwezi mmoja. Ndiyo sababu mama wa miaka 37 ana nafasi kubwa ya kubeba mapacha kuliko binti wa miaka 20, ijapokuwa kushika mimba kwenyewe kumeanza kumwia vigumu.

Yule bibi wa miaka 70 aliyejifungua mapacha Kampala, Novemba 2023, ni habari nyingine kabisa. Mimba yake ilitungwa maabara kwa yai la mwanamke mwingine. Anayemtolea mfano huo dada wa miaka 45 ili asiwe na haraka, anampotosha.

Tena umri huo huo unaoleta mapacha huleta na hatari zake. Shinikizo la damu, kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, kuvuja damu baada ya kuzaa: kila moja huongezeka kwa umri, na huongezeka tena kwa mapacha. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, yaani wakiwa njiti.

Kwa hiyo, dada uliyevuka miaka 35, ukikosa hedhi usingoje tumbo lionekane. Nenda kliniki, uombe altrasaundi kabla ya wiki ya 14, kwani wakati huo ndipo huonekana vizuri kama watoto wanatumia kondo moja au kila mmoja ana lake. Muulize daktari pia kuhusu aspirini ya dozi ndogo, ambayo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba ikianzwa mapema, usijinunulie dukani.

Juma lijalo: kujifungua mapacha, kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji.