Mpira wa Nusu Inchi

Koki ya jikoni kwangu ilianza kudondosha mwezi wa Ramadhani. Fundi niliyemzoea akaniambia, "Kesho mama, inshallah." Kesho hiyo ilipopita mara ya tatu, nikatega ndoo ya lita 20 chini ya koki alfajiri, kwa hasira tu, nione. Alfajiri ya pili ilikuwa imebakiza vidole vinne ijae. Na maji hayo yote yamepita kwenye mita.

Ninaishi Tanga, kwenye nyumba ya bati aliyoijenga marehemu mume wangu, si mbali na bahari. Yeye alishika spana, mimi nikimshikia tochi. Nimeshika tochi miaka mingi, lakini sikuwahi kulegeza nati hata moja.

Siku nilipoamua kulegeza, nilifunga valvu iliyo pembeni ya mita, nikajiona fundi, nikafungua kichwa cha koki. Maji yakaruka mpaka darini. Nililisahau tangi la juu! Nyumba nyingi za mjini ziko hivyo, kwa sababu maji ya bomba hayatoki saa zote: unafunga mita, kumbe lita 1,000 bado zimekaa kichwani pako zinakungoja. Basi funga kote kuwili, kisha fungua koki unayotaka kuitengeneza uiache mpaka ikauke.

Ziba tundu la sinki kwa tambara, maana skrubu ikidondoka hukimbilia hapo hapo. Meno ya spana yavishe kitambaa yasichubue koki. Zungusha kinyume cha saa, kichwa kitatoka pamoja na shina lake, na kwenye ncha ya shina utaona kipande cha mpira mweusi, kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia. Wa kwangu ulikuwa umechimbika mfereji wa duara. Kila ukifunga koki, mpira huo hukandamizwa juu ya kiti cha shaba ili kuzuia maji. Ukichoka, sisi tunakaza kwa nguvu zaidi, nao unazidi kukatika. Mjukuu wangu ndiye bingwa wa kukaza. Pitisha kidole kwenye kile kiti pia. Kikiwa kimekwaruzika, hata mpira mpya hautadumu.

Nilikwenda na mpira wangu mbovu kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo mama. Unataka wa nusu au wa robo tatu?"

"Marahaba mwanangu. Nataka kama huu."

Wa nusu inchi. Shilingi mia tano. Fundi wangu alikuwa ameshanitajia elfu thelathini, koki mpya na ufundi wake. Ila zile koki za kisasa zinazofunguka kwa robo mzunguko hazina mpira huu. Ndani mna visahani vya kauri, na zikivuja hubadilishwa kifaa chote cha ndani. Nacho pia nenda na cha zamani mkononi.

Choo kikikutia wasiwasi, usiku mimina kikombe cha kahawa nyeusi, iliyopoa, ndani ya tangi lake, na mtu asivute maji. Asubuhi ukikuta rangi kwenye bakuli, mpira wa chini hauzibi. Wajukuu zangu walidhani bibi amechanganyikiwa.

Bati ndilo lililonifundisha kutoamini macho. Masika fulani dari la sebuleni lilifanya doa la rangi ya chai, nami nikampa kijana hela apake lami juu ya doa kabisa. Mvua iliyofuata, doa likatanuka. Maji yakishaingia hayaanguki moja kwa moja. Hutambaa chini ya bati, yakashika papi, yakafuata kenchi, yakadondokea yanapopenda. Ili kujua yanapoingilia, ingia darini saa sita mchana jua likiwa kali, zima tochi, ukae kimya gizani. Tundu litakuonyesha lilipo kama nyota. Langu lilikuwa karibu hatua tatu kutoka kwenye doa, upande wa juu wa mteremko. Nikachomeka waya mwembamba, kijana aliyekuwa juu ya bati akauona.

Msumari ulikuwa umepigwa kwenye bonde la bati, mahali yanapopita maji, badala ya mgongoni, na mpira wake umeliwa na jua. Kijana aliung'oa, akaziba tundu kwa silikoni iliyokusudiwa nje, akapiga skrubu yenye mpira kwenye mgongo wa jirani. Mimi sikupanda. Nilishikilia ngazi na kumkumbusha akanyage kwenye mistari ya misumari, penye mbao chini. Bati bichi kwa mvua halipandwi, hata kama maji yanamwagikia kwenye televisheni.

Umeme nimejiwekea mpaka: plagi. Fyuzi ya plagi ikikata naitoa, naweka ya ampea zile zile zilizoandikwa, hata kama ya 13 ndiyo iliyo karibu na taa inataka 3. Kufunga waya wa shaba mahali pa fyuzi ni kuchoma nyumba kwa awamu. Ndani ya soketi na swichi namwita fundi mwenye leseni ya EWURA, nami simwonei haya kumwomba anionyeshe.

Ukuta wa chumba cha nyuma ndio ulionila pesa. Unatoa unga mweupe wa chumvi chini, rangi inavimba na kubanduka. Nimepaka rangi ya mafuta mara tatu, na mara tatu nimeuzibia unyevu ndani. Mwaka huu nilitoka nje mvua ikinyesha, nikasimama na mwavuli nikitazama. Mfereji wa bati unamwaga maji yote kwenye msingi wa ukuta ule ule. Nimeunganisha bomba la plastiki liyapeleke kwenye migomba, nikabandua lipu iliyooza kwa tindo, na sasa nauacha ukuta uchi mpaka ukauke. Wageni wananiuliza kama nimeishiwa.

Bafuni kuna kigae kimoja ukikigonga kwa sarafu kinalia kama ngoma, wakati vigae vingine vinatoa sauti ngumu. Saruji imeachia chini. Nimekiwekea alama ya chaki, na tindo nimelirudisha stoo mpaka wajukuu wafungue shule.