Je, Wajua? Mkanda wa Leo, Saa ya Kesho

Jioni moja ufukweni Kipili, kijana wa dada yangu alinionyesha saa janja aliyoletewa kutoka Dar es Salaam. Hakuniuliza kama inapima mapigo ya moyo sawasawa, wala kama maji ya Ziwa Tanganyika yataiua. Aliniuliza hivi: "Mjomba, nikinunua mkanda wa ngozi sasa, halafu mwakani nikabadilisha saa, utaingia?"

Ni swali la mtu aliyekulia mahali ambapo spea huteremka kutoka Sumbawanga kupitia Namanyere, na ukikosea saizi unasubiri gari la siku nyingine. Nikamwambia alete rula. Kabla hajarudi nayo, haya ndiyo niliyokuwa nikiyawaza.

Je, wajua kwamba saa za mkononi za kwanza hazikuwa na mkanda wa kubadilisha kirahisi? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wengi walivaa saa zilizofanana na zile za mfukoni, ila zimechomelewa vipande viwili vya waya ubavuni. Mkanda ulipitishwa chini ya waya, na ule uliokwisha kushonwa ulibidi ukatwe ndipo utoke. Baadaye kikaja kile kijiti chembamba cha chuma chenye springi ndani, ambacho fundi saa hukibonyeza kwa ncha ya kisu kikachomoka, na wakati mwingine kikaruka na kupotelea mchangani. Kijiti hicho ndicho kilichouweka mkanda huru. Nafasi kati ya masikio mawili ya saa ikawa ya vipimo vichache vinavyojulikana: milimita 18, 20, 22. Hakuna serikali iliyowalazimisha watengenezaji. Ilikuwa mazoea tu, na mazoea hayo yamedumu kuliko kampuni nyingi za saa.

Hata wakubwa hukosea vipimo. Katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964, Sean Connery amevaa saa ya Rolex yenye mkanda mwembamba kuliko nafasi yake. Vijiti vinaonekana wazi pande zote mbili, kama miguu ya mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake.

Je, wajua kwamba kuna mkanda wa saa uliokuwa na kamera? Samsung walipotoa Galaxy Gear mwaka 2013, kamera yake ilikaa kwenye mkanda wenyewe. Kwa hiyo mkanda haukubadilishika: ukichanika, umeharibikiwa na saa pia. Mwaka uliofuata Gear 2 ikahamishia kamera kwenye mwili wa saa, na mkanda ukarudi kuwa mkanda, wa milimita 22.

Apple walipita njia nyingine. Saa yao ilipoingia sokoni Aprili 2015, haikuwa na kijiti cha springi kinachoonekana bali mfereji ambao mkanda unateleza ndani yake mpaka usikie "tak". Tundu ni la kwao peke yao, na wengi walidhani lingebadilishwa kila miaka miwili ili watu wanunue upya. Halikubadilishwa. Mkanda wa 2015 bado unaingia kwenye saa zilizotoka 2025. Mwaka 2023 ulienea uvumi kwamba toleo la kuadhimisha miaka kumi lingekuja na kiungio cha sumaku na kuitupa mikanda yote ya zamani. Series 10 ikatoka Septemba 2024 na mfereji uleule.

Lakini hapo pana mtego, na ndio unaowakamata wanunuzi wa mitumba ya mtandaoni. Saa hizo zina familia mbili, ndogo na kubwa. Familia ndogo ilianza na milimita 38, ikaja 40, ikaja 41. Kubwa ilianza na 42, ikafuata 44, 45, halafu Ultra ya 49. Mwaka 2024 familia ndogo nayo ikakua hadi 42, na kubwa ikafika 46. Kwa hiyo mkanda ulioandikwa "42" ukiwa wa 2016 ni wa familia kubwa, na ulioandikwa "42" ukiwa wa 2024 ni wa familia ndogo. Namba ni moja, matundu mawili. Muuzaji asiyejua hilo atakuapia kwa Mungu kwamba unaingia, na wala hatakuwa anadanganya kwa makusudi.

Samsung, kwa upande wao, kuanzia Galaxy Watch 4 hadi 7 walikaa na kipimo cha watu wote cha milimita 20. Ultra yao ya Julai 2024 ikaja na kiungio kipya, na mwaka 2025 Galaxy Watch 8 ikakifuata. Mikanda ya jana ikabaki kabatini, isipokuwa kwa aliyenunua kipande cha kuunganishia. Google nao walipofanya Pixel Watch ya 2022 walibuni tundu lao, na ya tatu ilipokuja kwa saizi mbili mwaka 2024, mkanda wa milimita 41 haukuikubali ile ya 45.

Mimi sioni kosa katika tundu la peke yake. Naona kosa pale mtu anapouziwa mikanda sita kwa saa moja bila kuambiwa tundu hilo lina ahadi ya miaka mingapi. Na hakuna anayeiandika ahadi hiyo kwenye boksi.

Je, wajua kwamba kampuni inaweza kufa na mkanda wake ukaendelea kufanya kazi? Pebble walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa katika saa janja. Saa yao ya 2013 ilitumia mkanda wa kawaida wa milimita 22. Desemba 2016 walifunga duka na mali zao nyingi zikachukuliwa na Fitbit, ambao nao walikuja kununuliwa na Google mwaka 2021. Saa ikabaki yatima, lakini mkanda wake ulihamia kwenye saa yoyote ya 22, hata ile ya mishale ya babu.

Watu wa Kipili wasidhani haya ni mageni kwao. Sisi tumeishi na maungio muda mrefu, na lililo kubwa kuliko yote lilipita hapa mbele ya visiwa vyetu likipiga honi. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Iliunganishwa kule kwanza ili kuhakikisha kila bamba linakutana na mwenzake, halafu ikafunguliwa yote na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, na mafundi watatu waliotumwa kutoka kiwandani wakaanza kuiunga upya kando ya ziwa. Mwaka 1915 ikaelea. Hebu fikiria mtu amesahau kasha moja Papenburg.

Meli hiyo ilipewa hata mzinga wa kuazima. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoangamia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa. Mingi ikaundiwa magurudumu na kuburutwa nchi kavu, na mmoja ukafungwa kwenye Goetzen huku ziwani. Mzinga wa bahari ya chumvi ukaingia kwenye meli ya maji baridi. Julai 1916 Wajerumani, walipoona wanazidiwa, waliizamisha meli wenyewe, lakini mafundi walipaka injini grisi nzito kwanza, kama mtu anayefunga biashara huku akiweka akiba ya kurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, injini zikakutwa zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe upande huu wa kusini. Mvuke ulidumu mpaka miaka ya 1970, ndipo zikaingia injini za dizeli. Mwili ukabaki ule wa 1913.

Kule juu uwandani, wahunzi wa Kifipa nao walilijua jambo hili kabla ya Papenburg. Waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wakafua jembe lenye mkia unaozama kwenye kichwa cha mpini. Bamba likilika, mpini unasubiri bamba jipya.

Je, wajua kwamba betri moja ya simu imeishi kuliko simu yake? BL-5C ya Nokia ilikuwa ndani ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Simu hiyo leo utaipata kwa nadra, lakini betri yenye umbo lile imo kwenye simu ndogo za kampuni nyingine na kwenye vile viredio vya memori kadi vinavyoimba usiku kucha ndani ya mitumbwi ya dagaa. Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na mzabuni mmoja, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, wakajitolea kuzibadilisha. Hata fedheha hiyo haikuliua umbo lake.

Na betri isiyo na chaja yake? Ndipo alipozaliwa kobe, ile chaja yenye pini mbili zinazosogezwa kushoto na kulia mpaka ziguse shaba ya betri yoyote ile. Ni kifaa kisichouliza kampuni. Ningekuwa na mamlaka ya kutoa nishani, ningeanza na kobe.

Tukiwa kwenye chaji: Umoja wa Ulaya umelazimisha simu, tableti, kamera na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa kwao kutumia tundu moja la USB-C tangu tarehe 28 Desemba 2024. Saa janja hazimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo ukisafiri kwenda Sumbawanga mjini na saa yako, ukasahau kile kisahani chake cha chaji nyumbani, utaazima chaja ya simu kwa kila mtu na hakuna itakayokufaa.

Soketi za ukutani tunazozifahamu zaidi, zile za matundu matatu, ni za kipimo cha Uingereza cha mwaka 1947. Ule mguu wa juu wa plagi ni mrefu kwa sababu unatangulia kufungua vilango vinavyoziba matundu mawili ya chini. Ndiyo maana mwenye plagi ya miguu miwili huchomeka kalamu pale juu kwanza. Ujanja wa hatari, lakini anayeufanya ameisoma soketi vizuri kuliko wengi waliosomea.

Je, wajua kwamba milimita 67 zinaweza kusimamisha treni? Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067, na ile mpya ya SGR ni 1,435. Reli ya zamani na ya TAZARA hukutana Kidatu, Morogoro. Hukutana kama majirani wasioongea: mzigo hushushwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili, kwa tofauti ndogo kuliko urefu wa kidole cha shahada.

Kijana alirudi na rula. Tukachomoa mkanda wa mpira, tukapima kati ya masikio ya saa: milimita 22, kijiti cha springi, hakuna mfereji wala kitufe cha siri. Nikamwambia anunue ngozi bila wasiwasi, ila kwanza amwombe fundi vijiti viwili vya akiba, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyopotea. Na akija kununua saa nyingine, aangalie masikio yake kabla ya kioo.

"Lakini mjomba," akasema, "saa yenyewe haijui Kiswahili. Ikiwa saa 1 asubuhi, yenyewe inasema 7."

Kwenye saa ya mishale hilo si tatizo: mshale mfupi ukiwa kwenye 7, namba inayoutazama ng'ambo ni 1, na ndivyo ilivyo kwa saa zote kumi na mbili. Usijaribu kuigeuza saa kichwa chini, maana mshale wa dakika nao utageuka ukuharibie nusu saa. Kwenye saa ya tarakimu hakuna ng'ambo ya kutazama. Ila kuna hila. Buenos Aires, Argentina, iko nyuma yetu kwa saa sita kamili mwaka mzima, tofauti ileile iliyopo kati ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu. Ukiongeza mji huo kwenye saa za dunia na kuchagua mtindo wa saa kumi na mbili, kioo kitakuandikia 1 AM inapokuwa saa 1 asubuhi Kipili, na 1 PM inapokuwa saa 1 usiku.

Tulijaribu palepale, ikakubali. Kasoro yake ni tarehe tu: huko siku mpya inaanza kwetu ikiwa saa 12 asubuhi, wakati mitumbwi ya dagaa inavutwa mchangani na taa zinazimwa.